Maswali na majibu: Kopo la protini au trei ya mayai?

Wiki hizi maswali ya poda ya protini yamefunika hata yale ya kitambi. Nimechagua manane. Majina nimeyaacha, mitaa nimeibakiza.

Shikamoo dada. Nina miaka 23, kilo 70, nanyanyua vyuma jimu moja ya Sinza mara nne kwa wiki, huu mwezi wa tano. Mwalimu anasema bila poda najichosha bure. Asubuhi nakunywa chai ya rangi na chapati mbili, mchana wali maharage kwa mama ntilie, usiku chipsi mayai. Ninunue?

Marahaba, mdogo wangu. Afadhali wewe umeniandikia unachokula, wengi huniandikia uzito tu. Haya, tupitie sahani zako. Chapati mbili zina kama gramu 9 za protini, maana ngano nayo inayo. Wali maharage, mama akikujalia upawa uliojaa, 16 hivi. Chipsi mayai ya mayai mawili, 12 za mayai na nne au tano za viazi. Jumla haifiki 45.

Mtu asiyefanya mazoezi huwekewa kiwango cha gramu 0.8 kwa kila kilo ya mwili, kwako ni 56. Yaani hata ungekuwa unashinda kwenye kochi, una deni. Kwa anayenyanyua vyuma ili misuli ijengeke, tafiti zilizounganishwa pamoja zinaangukia kwenye 1.6 kwa kilo. Kwako hiyo ni 112. Unapungukiwa na karibu 70 kila siku ya Mungu.

Kijiko kimoja cha ndani ya kopo kinatoa 20 hadi 25. Kwa hiyo mwalimu wako kasema nusu ya ukweli: unapungukiwa kweli, ila kijiko kimoja hakizibi shimo hilo, na viwili pia havizibi. Anza na asubuhi. Mayai mawili ya kuchemsha yale yanayotembezwa na kachumbari, 12. Chai iwe ya maziwa, glasi nzima ya maziwa, 8. Mchana mwambie mama ntilie akuongezee dagaa pembeni ya maharage; dagaa wakavu zaidi ya nusu yao ni protini, kwa hiyo gramu 30 kabla ya kupikwa zinakupa 16 au zaidi. Usiku chipsi zipumzike, kula ugali na samaki wa kukaanga, kipande cha ukubwa wa kiganja, na utapata mara mbili ya ulichokuwa unapata. Mpaka hapo umeshafika kama 95. Kilichobaki ni karanga za kutafuna ukisubiri gari.

Siku umechelewa kutoka kazini, mama ntilie kafunga na una vyuma saa moja usiku, hapo kijiko kimoja kina kazi ya kufanya.

Kati ya kopo na mayai, kipi nafuu? (Mwananyamala)

Kopo dogo la gramu 900 hivi lina vijiko kama 30, kila kimoja tuseme gramu 24 za protini. Jumla 720. Yai moja lina 6, trei ya mayai 30 ina 180. Kwa hiyo kopo moja ni sawa na trei nne. Uliza bei ya kopo dukani, toka nje uliza bei ya trei, zidisha kwa nne. Kila nilipofanya hesabu hii Dar, mayai yameshinda, tena si kwa pua. Unacholipia kwenye kopo ni kutochemsha, kutomenya na kutobeba kitu kinachopasuka kwenye begi. Kama una hela ya kulipia hilo, lipa, wala sikucheki.

Nikinywa poda tumbo linaunguruma, kwenye daladala natamani nishuke kabla ya kituo.

Pole! Poda nyingi hutengenezwa kwa yale maji yanayobaki maziwa yakigandishwa kuwa jibini. Kwenye kopo utaona limeandikwa "whey". Ndani yake mna laktosi, sukari ya maziwa, na wengi wetu watu wazima huku hatuimeng'enyi vizuri. Ikifika utumbo mpana, vijidudu vinaichachusha, basi gesi. Tafuta iliyoandikwa "isolate", imechujwa zaidi na laktosi yake ni kidogo sana. Au achana nayo, kunywa mtindi, ambamo vijidudu vimeshakula sehemu ya sukari hiyo kabla yako.

Mjomba wangu anasema poda inaua figo. Kweli?

Kwa mwenye figo nzima, kula protini nyingi kwa kiwango cha wanamichezo hakujaonekana kuziharibu. Kwa mwenye figo ambazo tayari zina kasoro ni habari nyingine kabisa, na hapo mjomba ana hoja, kwa sababu figo huharibika kimyakimya na mwenyewe asijue. Kisukari na presha ndiyo visababishi vikubwa. Kama unavyo, au vimo kwenye ukoo, kapime kreatinini ya damu (taka ambayo figo huichuja) na protini kwenye mkojo kabla ya kununua chochote. Na kama unatumia kreatini, ile poda nyingine nyeupe, mwambie daktari, maana inaweza kupandisha kipimo cha kreatinini bila figo kuwa na shida.

Mama yangu ana miaka 68, yuko Mbagala. Meno yamepungua, anakula uji na mkate, sasa kuinuka kwenye kiti mpaka ashike meza. Nimuwekee poda kwenye uji?

Hili ndilo swali nililolipenda kuliko yote, kwa sababu poda inawafaa watu kama mama kuliko mabaunsa. Misuli hupungua na umri, na mzee anahitaji protini nyingi zaidi kwa kila kilo kuliko kijana asiye na mazoezi, gramu 1 hadi 1.2, wakati hamu ya kula imepungua na nyama haitafuniki. Kama ana kilo 60, ni gramu 60 hadi 72 kwa siku. Uji na mkate haviwezi kufika huko.

Apimwe figo kwanza. Zikiwa salama, nusu kijiko asubuhi na nusu jioni vinatosha kuanzia. Epua uji, uache upoe kidogo, koroga poda na maziwa ya baridi pembeni kisha ndipo umimine. Ukiitia kwenye uji unaochemka inashikana vidonge kama ugali ulioharibika, na mama ataukataa siku hiyo hiyo.

Kama kopo halinunuliki, maziwa ya unga yanafanya kazi ile ile kwa karibu: robo ya uzito wake ni protini. Dagaa waliotolewa vichwa, wakakaangwa bila mafuta na kusagwa laini, hupotea kabisa kwenye mchuzi. Ila tafadhali, usimletee ule unga wa lishe wa nafaka kumi ukidhani umemaliza. Mahindi, mtama, ulezi na mchele vikichanganywa bado ni nafaka. Na soya ikisagwa mbichi huzuia mwili kumeng'enya protini yenyewe. Ichemshwe au ikaangwe kabla ya kupelekwa mashine.

Halafu, kile kiti anachoshikia meza, kifanye mazoezi: ainuke na kukaa mara tano, asubuhi na jioni, wewe umesimama karibu. Protini bila kazi haijengi mguu.

Mimi ni mwanamke, nikinywa nitatoka mabega kama baunsa?

Hapana. Baunsa mwenyewe ameyahangaikia miaka.

Nitajuaje kopo si feki? (Kariakoo)

Ujanja wenyewe ni wa zamani. Mwaka 1883 mkemia wa Denmark, Johan Kjeldahl, alibuni njia ya kupima nitrojeni kwenye chakula, na protini hukadiriwa kutokana na hiyo nitrojeni. Basi ukitia kitu cha bei rahisi chenye nitrojeni, kipimo kinadanganyika. Ndivyo melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki, ilivyoingizwa kwenye maziwa ya watoto China, kashfa iliyolipuka 2008. Kwenye poda hutiwa amino asidi za bei rahisi kama glisini na taurini, nazo zina nitrojeni. Soma orodha ya viambato. Ukiziona karibu na mwanzo, rudisha kopo. Angalia karatasi ya kuziba mdomo, tarehe, namba ya toleo. Usalama wa chakula uko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, tangu 2019, ukiwa na shaka peleka taarifa huko. Na ile iliyopimwa kwenye mifuko ya nailoni, hata kwa bei ya kutupa, iache.

Ramadhani nafanya mazoezi baada ya tarawehe, Magomeni. Ninywe saa ngapi, na ni halali?

Saa si tatizo, tatizo ni kwamba futari zetu ni mihogo, magimbi na tambi. Weka samaki au kuku mezani tangu kufuturu, kisha poda ikae kwenye daku, wakati ambao hakuna anayetaka kutafuna maharage. Changanya na mtindi na ndizi mbivu, itakaa tumboni zaidi kuliko ya maji. Kuhusu uhalali, jibini hugandishwa kwa kimeng'enya ambacho chaweza kutoka tumbo la ndama au kwa vijidudu, kwa hiyo tafuta alama ya halali kwenye kopo, na usipoiona muulize sheikh wako, si mimi.