W nayo inahesabika

Dada, ukidropu somo ukapata W (withdrawal, alama ya kuacha somo katikati) hiyo ni nafasi moja imeshaliwa, komyuniti koleji za California somo moja unajiandikisha mara 3 tu kama hujafaulu na W inahesabika sawa na D au F, zile alama za kufeli. Ila ukitoka mapema, zile wiki 2 au 3 za mwanzo wa semesta, haiandikwi popote. Mi nimekaa dirisha la usajili, nimeona mtu analia kaja mara ya 4 sistimu imemgomea, zote tatu zilikuwa W. Kama umeumwa au umefiwa omba EW (excused withdrawal, kuacha somo kwa dharura), peleka ushahidi chuo wakiutaka, hiyo haili nafasi. Tarehe angalia kalenda ya chuo chako, kila chuo kina zake.