Kabla hujaweka seva ya gemu chumbani kwako hapa Dodoma

Anayekuja kuniuliza habari za kuweka seva ya gemu, yaani kompyuta inayobeba mchezo ili wenzako waungane nayo, karibu kila mara huanza na swali moja: RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta) ngapi? Namjibu kwa maswali mawili. Intaneti yako inatoka wapi, na LUKU ya nyumba mnachangia wangapi? Wengine hudhani nakwepa. Sikwepi. Kwa mazingira yetu mashine ndiyo sehemu rahisi. Kinachoshinda watu ni njia ya wenzao kuifikia hiyo mashine, halafu umeme, halafu vumbi. RAM tutaifikia.

Nitatumia Minecraft kama mfano kwa sababu ndiyo wengi huanza nayo, lakini karibu kila nitakachosema kinahusu pia Terraria, Factorio, hata Counter-Strike 1.6 ambayo bado inachezwa kwenye laptopu zilizochoka.

Kwanza, kwa nini ujisumbue wakati kuna seva za kukodi? Umbali. Mwanga ndani ya faiba husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Dodoma hadi Dar es Salaam kwa barabara ni kama kilomita 450, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde tano hivi, ukiacha zinazopotea kwenye mitambo njiani. Seva iliyoko Ulaya haiwezi kufika hapo hata ulipe kiasi gani. Data yako inateremka hadi pwani, inaingia kwenye nyaya za baharini, na pingi, yaani muda huo wa kwenda na kurudi, ya milisekunde 150 au zaidi ni ya kawaida. Na nyaya zenyewe hukatika. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipata hitilafu kwa pamoja na intaneti ikayumba Afrika Mashariki. Mchezo ulio kwenye ruta moja ya chumbani hauguswi na mambo hayo.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwa wanafunzi wa UDOM, St. John's, CBE au Mipango ni huu: kama mnakaa hosteli moja au nyumba moja, msiupitishe mchezo kwenye intaneti. Ruta yoyote ya zamani, hata isiyo na laini, inatosha kuubeba mchezo wenyewe. Mmoja anawasha seva, wengine wanaandika anwani yake inayoanza na 192.168, mnacheza bila kula bando, ukiacha intaneti kidogo ambayo Minecraft halali huhitaji kuthibitisha akaunti wakati wa kuingia. Msitegemee Wi-Fi ya chuo kwa hili, maana mitandao mingi ya pamoja imewekwa makusudi ili kompyuta moja isiione nyingine. Leteni ruta yenu na waya.

Shida inaanza mwenzenu mmoja anapokaa Nkuhungu, mwingine Kisasa, mwingine karudi kwao Singida.

Maelekezo mengi ya mtandaoni yatakuambia ingia kwenye ruta, fungua poti (mlango wa mtandao) 25565 ya TCP, mpe rafiki yako anwani ya IP, yaani namba inayokutambulisha mtandaoni, basi. Yameandikwa na watu wenye intaneti ya waya nyumbani yenye anwani yake ya umma. Wewe huenda unatumia ruta ya 4G au simu uliyoigeuza hotispoti. Anwani za IP za aina ya kawaida, IPv4, ni kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima na zilishagawanywa, hivyo mitandao ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Mpangilio huo unaitwa CGNAT. Ni kama kupanga kwenye nyumba yenye geti moja na mlinzi asiyewajua wapangaji: wewe unatoka utakavyo, ila mgeni wako akija kukuulizia haruhusiwi kuingia. Poti utafungua kwenye ruta mpaka uchoke, na hakuna atakayeingia.

Kujua kama uko huko ni kazi ya dakika mbili. Fungua ukurasa wa ruta, tafuta anwani iliyoandikwa WAN, yaani ya upande wa intaneti. Kisha fungua tovuti yoyote inayoonyesha IP yako. Zikifanana, shukuru, endelea na maelekezo ya kawaida. Zisipofanana, au ile ya ruta ikianza na 10, au namba zake mbili za mwanzo zikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya CGNAT.

Una njia tatu. Ya kwanza ni kumwomba mtoa huduma anwani ya umma. Wengine hutoa kwa malipo ya ziada, mara nyingi kwa wateja wa faiba au wa biashara. Kuuliza si hasara. Ya pili, ninayoipendelea, ni mtandao binafsi kama Tailscale au ZeroTier. Kila mmoja anasakinisha programu, mnaingia kwenye kundi moja, na kompyuta zenu zinaonana utadhani ziko chumba kimoja. Hapo hakuna poti ya kufungua. (Tailscale nayo hugawa anwani zinazoanza na 100. Usizichanganye na zile za WAN, zinatoka tu kwenye fungu moja.) Ya tatu ni huduma za kupitishia kama playit.gg: wewe unaendesha programu yao, wao wanakupa anwani ya kuwagawia wenzako, nao hawasakinishi chochote. Hii inawafaa marafiki wasiopenda usumbufu, ila kila kipande cha data kinapita kwanza kwenye mitambo ya huduma hiyo, na kama mitambo iko mbali, ile faida ya ukaribu tuliyoisema mwanzo imeondoka.

Hata Tailscale inaweza kukufanyia hivyo kimyakimya. Kompyuta mbili zikishindwa kuonana moja kwa moja, inazipitishia kwenye kituo chake cha kati. Andika amri ya tailscale ping ikifuatiwa na jina la mashine ya mwenzako. Ukiona neno DERP kwenye jibu, mnapitia kituoni. Ukiona anwani na poti yake, mmeunganishwa moja kwa moja. Angalia hili kabla hujaanza kulaumu kompyuta. Nimeona watu wakienda kununua RAM kwa tatizo ambalo RAM haihusiki nalo hata chembe.

Uliza pia wenzako wanachezea nini. Minecraft ya kompyuta, ile ya Java, na ya simu, yaani Bedrock, hazikutani zenyewe. Ya simu hutumia poti 19132 ya UDP. Kama kundi lina wenye simu, weka programu ya Geyser kwenye seva ya Java iwatafsirie. Na wenye simu ndio wanaolipia bando kwa vipande vidogo, kwa hiyo waambie mapema: kukaa mahali pamoja mkijenga hakuli sana, ila kukimbia huku na huko kufungua maeneo mapya ya dunia ndiko kunakomaliza.

Sasa umeme. Chukua kompyuta ya mezani inayokula wati 60 kwa wastani. Saa 24 ni uniti 1.44, mwezi ni uniti 43 na kidogo. Laptopu ya wati 15 ni kama uniti 11 kwa mwezi. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu wateja wadogo wa nyumbani wana bei nafuu ya umeme kwa matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi. Kompyuta ya mezani inayokesha inameza zaidi ya nusu ya hizo peke yake. Na kama umepanga Chang'ombe au Makole kwenye nyumba yenye LUKU moja ya pamoja, usisubiri wapangaji wenzako wagundue wenyewe kwamba taa ya bluu chumbani kwako haizimiki. Waambie, ongeza mchango wako, au, bora zaidi, usikeshe. Seva ya marafiki sita haihitaji kuwaka saa 24. Kubalianeni Ijumaa na Jumamosi jioni, iwashwe saa mbili usiku, izimwe mkiaga. Nawashangaa wanaoacha seva tupu ikiwaka wiki nzima ili wajisikie wana seva.

Kukatika kwa umeme ni jambo lingine. Hapo laptopu inashinda tena, maana betri yake ni UPS (betri ya akiba) tayari, hata ikishika dakika ishirini tu. Laptopu ya mtumba yenye kioo kilichopasuka au kibodi mbovu ni seva nzuri sana, na fundi atakuachia kwa bei ya kuongea. Usisahau ruta: ikizimika, betri ya laptopu haina msaada kwa walio nje. Kuna vijibetri vya volti 12 vya ruta. Kagua volti iliyoandikwa kwenye chaja ya ruta kabla ya kununua. Ukiwa na kompyuta ya mezani, ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) uweke iwake yenyewe umeme unaporudi. Na mvua za Desemba hadi Aprili zikianza na radi, chomoa. Usiwe mbishi.

Haya, mashine. Minecraft hukokotoa mambo yake mara 20 kwa sekunde, yaani ina milisekunde 50 kumaliza kila zamu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na kiini kimoja cha prosesa. Ndiyo maana prosesa ya viini vinne yenye kasi inaishinda ya viini kumi na viwili vya polepole. RAM ya GB 4 kwa seva yenyewe inatosha kundi la marafiki bila modi (nyongeza za mchezo) nzito. Usiipe yote iliyopo, mfumo endeshi nao unahitaji kula. Diski ya kasi ya SSD ni lazima kwa maoni yangu. Matoleo ya Minecraft kuanzia 1.20.5 yanataka programu ya Java 21 au ya baadaye, ndiyo inayoendesha seva, na ukiwa na ya zamani seva inakataa kuwaka.

Ikianza kuganda, fungua faili la server.properties, tafuta view-distance, yaani umbali wa kuona. Kawaida imewekwa 10. Maana yake kila mchezaji anazungukwa na vipande vya dunia ya mchezo 21 kwa 21, yaani 441. Ishushe hadi 6, vinabaki 169. Hakuna kifaa utakachonunua Majengo kitakachokupa nafuu ya namna hiyo bure. Ukitumia Paper, programu nyingine ya seva, badala ya ile ya msingi, utapata nafuu nyingine.

Vumbi la Dodoma nadhani hulijui mpaka ufungue kompyuta iliyokaa sakafuni kiangazi kizima. Upepo wa kuanzia Juni hauchagui dirisha. Iweke juu ya meza, mbali na mlango. Usiifunike kitambaa ikiwa inawaka. Naona watu wanaitunza kwa khanga kama redio ya bibi, nayo inapikika humo ndani. Ipulizie kila mwezi, ukiwa umeishika feni kwa kidole isizunguke.

Usalama ndio sehemu ambayo wanaoanza huruka, na hapa nitasema kwa ukali kidogo. Kama una anwani ya umma na umefungua poti, watu usiowajua wataikuta. Kuna programu zinazopitia intaneti nzima zikitafuta poti 25565. Desemba 2021 lilipojulikana tundu la usalama la Log4Shell, kwenye seva za Minecraft ilitosha mtu kuandika ujumbe fulani kwenye gumzo ili aweze kuendesha amri zake kwenye mashine ya mwenye seva. Lilizibwa kwenye toleo 1.18.1. Kwa hiyo sasisha, washa whitelist (orodha ya wanaoruhusiwa kuingia), na usiendeshe seva kwa akaunti ya msimamizi wa kompyuta yenye picha zako na tasnifu yako.

Halafu kuna suala tunalozungukazunguka: si kila mshikaji ana nakala halali ya mchezo. Ili kuwaingiza, mwenye seva huweka online-mode kuwa false. Ujue unachokifanya. Hapo seva haimthibitishi mtu yeyote. Anayeandika jina lako anachukuliwa kuwa wewe, pamoja na mamlaka yako yote. Whitelist haikusaidii, kwa kuwa nayo inaamini jina tu. Nunueni nakala halali mkiweza. Mkishindwa kwa sasa, seva ya namna hiyo isitoke nje ya Tailscale au ruta ya nyumbani, hata kwa siku moja.

Nakala rudufu usiinakili huku seva ikiandika. Kwenye dirisha la seva andika save-off, kisha save-all, nakili folda zote zinazoanza na world, kisha save-on. Ukisahau hiyo ya mwisho, seva itaendelea bila kujihifadhi yenyewe, na umeme ukikatika mtapoteza jioni nzima. Weka nakala mahali pengine, si kwenye diski ile ile. Kwa kundi dogo flashi inatosha, na jaribu kuifungua mara moja uone kama kweli inawaka.

Kaa pia na mtu wa pili anayejua kuendesha seva. Wanafunzi huenda fildi, watu huhama, mwenye laptopu huiuza. Mpe huyo wa pili mamlaka ya op, yaani ya msimamizi wa seva, mwonyeshe jinsi ya kuiwasha na kuizima. Siku ya kukabidhi hamhitaji kitu kikubwa: zima seva kwa amri ya stop, chukua folda zote zinazoanza na world, server.properties, whitelist.json, ops.json na folda ya plugins kama ipo. Aliyepokea anaziweka kando ya faili la seva la toleo lile lile, anaiwasha mara moja ijizime na kuacha eula.txt (faili la kukubali masharti), analifungua na kubadili false kuwa true, anawasha tena, anawatumia anwani mpya.