Nilimsitiri Babu, Nikajificha na Mimi

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nasomea mambo ya umeme, wiki ya mitihani, babu akaamka na homa. Kilikuwa ni kile kidonda cha mgongoni tulichokidharau. Saa mbili asubuhi nilitakiwa niwe kwenye mtihani wa Hisabati, kisiwani Mombasa, ng'ambo ya maji. Saa mbili ilinikuta Likoni ndani ya tuktuk, babu kaniegemea begani, tunaelekea zahanati. Mtihani ukapita. Chuoni hapakuwa na mtu hata mmoja aliyejua kwamba nina babu, sembuse babu aliyepooza upande mmoja, kwa hivyo nikaandikiwa kuwa sikuhudhuria. Yuniti hiyo niliirudia mwaka uliofuata, nimekaa na wadogo zangu darasani.

Nilipokwenda kueleza, mwezi ulikuwa umeshapita. Karani alinitazama akaniuliza, "Sasa kijana, siku zote hizi ulikuwa wapi?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Watu wa Pwani mtanielewa. Kwetu mgonjwa husitiriwa. Mzee aliyebeba magunia bandarini Kilindini hadi mgongo ukapinda, leo anavalishwa pampasi na mjukuu wake. Habari hiyo haivuki pazia la chumba. Mimi nikaichukua sitara hiyo nikajifunika nayo mzima mzima. Mwalimu akiuliza mbona nasinzia, namwambia ni usingizi tu. Wenzangu wakipanga kusoma pamoja jioni, nasema nina shughuli. Wakaniona najidai. Ilinichukua mwaka mzima kuelewa kwamba sitara ni ya mwili wa babu na heshima yake. Ratiba yangu haikuwa na uchi wowote wa kufichwa.

Basi wewe unayemlea mzazi, bibi, au ndugu asiyejiweza, kitangulize kitu kimoja kabla ya ratiba na kabla ya daftari: barua. Iandike wiki ya kwanza ya muhula, wakati mambo bado ni shwari. Ukurasa mmoja unatosha. Jina lako, nambari yako ya usajili, yuniti unazosoma, unamlea nani na ana hali gani kwa sentensi mbili, na unachoomba. Ambatisha nakala ya kadi ya kliniki au barua ya daktari. Barua ziwe tatu: moja mpe mkuu wa idara, nyingine mlezi wa wanafunzi, na ya tatu igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo nyumbani. Muhuri huo usiudharau. Maneno ya mdomo husahaulika, na mkuu wa idara wa mwaka huu huenda mwakani akawa mwingine.

Faida yake ni hii. Kwetu, aliyekosa mtihani kwa sababu inayokubalika hupangiwa mtihani maalum, na alama zake huhesabiwa kamili. Aliyefeli hurudia mtihani, na hata akiandika vizuri namna gani hupewa alama ya kupitia tu, arubaini. Ukiwa na barua yenye muhuri, siku ya dhiki unaongeza karatasi ya hospitali tu. Bila barua unaanza kuombaomba. Ulizia pia utaratibu wa kuahirisha muhula mzima, hata kama hunuii kuutumia. Mimi niliuogopa kwa kudhani ni sawa na kuacha chuo. Ukiahirisha kwa maandishi nafasi yako inakaa. Ukitoweka tu, hiyo ndiyo shida.

La pili ni wageni, na hapa ndipo nilipokomboka hasa. Mombasa mgonjwa hakosi watu. Baada ya alasiri wanaingia, mmoja na machungwa, mwingine na maziwa, wanamwombea dua, wanakaa robo saa, wanaaga: "Mkihitaji chochote mtuambie." Kwa mwaka mzima niliwajibu, "Twashukuru, hatuna shida." Uongo mtupu! Siku moja rafiki yake babu wa barazani alipotamka maneno hayo, nikamwambia ukweli: "Mzee, Jumanne na Alhamisi nina maabara hadi saa kumi. Nahitaji mtu wa kukaa naye kuanzia adhuhuri." Hakusita. Tangu siku hiyo huja akitoka msikitini na gazeti lake, wanabishana siasa mpaka nirudi. Babu maneno hayatoki vizuri lakini kubisha anabisha. Shangazi akachukua Jumatano. Watu hawakuwa wachoyo, hawakujua tu wasaidie vipi. Mtu mpe siku, saa, na kazi yenyewe. Maabara ndiyo uitetee kuliko vyote, maana mhadhara utarekodiwa na mwenzako, lakini waya hautajifunga wenyewe.

Nikiwa hapo niseme na jambo linaloniudhi. Kwa kuwa mimi ni mwanamume, mtaa mzima unanisifu. Binti wa ami yangu alimwuguza mamake miaka mitatu huku akisomea ualimu, sikumsikia mtu akimwambia hata hongera. Kama kwenu kuna wavulana, nao wana mikono.

Usiku nao una hesabu yake. Muuguzi alitueleza kwamba mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, ndipo asitoke vidonda vya kulalia. Kidonda kile cha mgongoni kilitufunza kwa lazima. Mwanzoni niliichukia kengele ya simu, baadaye ikawa saa yangu ya kusomea. Saa tatu namlaza ubavu, nafungua daftari. Saa tano namgeuza, narudi kwenye daftari. Saa saba namgeuza tena, nalala, na zamu ya saa tisa ni ya ami, naye huishika mpaka alfajiri. Peke yako usithubutu kuzishika zamu zote. Mimi nilijaribu wiki tatu nikasinzia hadi kituo cha mwisho cha matatu.

Kulisha ni vivyo hivyo. Babu hukalishwa wima, hupewa uji kijiko kijiko ili asipaliwe, na akimaliza hukaa nusu saa kabla ya kulazwa. Nusu saa hiyo namsomea masomo yangu kwa sauti. Jana nilimsomea habari za transfoma kurasa nne, akanitazama akasema taratibu, "Mume mwenzangu, stima yenu ina maneno mengi." Lakini mimi nikisoma kwa sauti huwa sisahau.

Kuhusu kufua: maji ya mfereji yakikatika, mtungi wa lita ishirini kutoka kwenye mkokoteni ni pesa, na shuka moja hula mitungi miwili. Tandika nailoni chini ya shuka, kisha leso kuukuu uliyoikata vipande chini ya nyonga. Kilicholowa ni kipande, unakifua kwa ndoo nusu na jua letu linakikausha upesi.

Pesa sina ufundi nazo, ila mawili nayajua. Mzee wa miaka 70 na kuendelea aandikishwe kwa chifu kwenye mpango wa serikali wa Inua Jamii, ambao humpa shilingi 2,000 kwa mwezi. Kwetu ndiyo pampasi hizo. Na bima ya afya ya serikali, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, mjukuu hawezi kumweka babu chini ya jina lake. Babu asajiliwe kwa jina lake mwenyewe, kwa simu unabonyeza *147#, na asiye na ajira hulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja, usiopungua shilingi 300 kwa kila mwezi. Shughulikia hilo akiwa mzima wa hali, usingoje siku ya kulazwa.

Muhula huu nina yuniti sita na barua yangu ina muhuri. Kama yako hujaiandika, iandike usiku huu baina ya mgeuzo na mgeuzo, kesho uipeleke kabla ya saa saba, makarani hawajaenda kula.