Bakteria anajuaje mzizi ulipo? Barua kwa mwanangu

Mwanangu Tumaini,

Kamwene. Unasema bwana shamba aliwafundisha huko Wanging'ombe kuchanganya mbegu za soya na unga mweusi wenye bakteria wa rizobia, wale wanaokaa kwenye mizizi ya soya na kuiletea naitrojeni, akawaambia kwamba bakteria hao watautafuta mzizi wenyewe. Nawe ukaniuliza: mdudu asiye na macho, pua wala ubongo anautafutaje mzizi udongoni? Nimefundisha baiolojia hapa Iringa mpaka nikastaafu, na swali hili sitaki kulimaliza kwa ujumbe wa simu.

Nianze na bakteria wa utumbo, E. coli, maana ndiye aliyechunguzwa kuliko wote. Urefu wake ni kama sehemu mbili za elfu za milimita. Ana mikia kadhaa myembamba, na kila mkia unazungushwa na mota ya protini. Mota zikizunguka kinyume cha mwendo wa saa, mikia hujikusanya pamoja naye huogelea kwenda mbele. Zikigeuza mzunguko, mikia hutawanyika, anabiringika papo hapo, kisha anaondoka tena kuelekea upande wowote utakaotokea. Usukani hana. Anachoweza ni kurefusha safari au kuikatisha.

Sasa ataamuaje? Mwili wake ni mfupi mno, hivyo tofauti ya kemikali kati ya ncha zake mbili ni ndogo sana. Kwa sababu hiyo halinganishi mbele na nyuma, bali hulinganisha sasa na sekunde chache zilizopita. Ni kama mtu anayetafuta gizani nyumba inayokaanga maandazi: harufu ikizidi anaendelea, ikififia anabadili njia.

Anayepeleka habari ni kipokezi, protini ndefu iliyopenya utando wa seli, ncha moja nje na nyingine ndani. Bakteria mmoja ana maelfu ya vipokezi, vingi vikiwa vimesongamana kwenye ncha ya seli. Kipo cha aspateti, kipo cha serini (zote mbili ni amino asidi, yaani vijenzi vya protini), vipo vya sukari fulani fulani. Aspateti ikinasa upande wa nje, sehemu moja ya kipokezi huteleza kuelekea ndani kwa takriban upana wa atomi moja. Atomi moja, mwanangu! Aspateti yenyewe haivuki hapo. Kinachovuka ni habari.

Upande wa ndani, kipokezi kimeshikamana na protini iitwayo CheA. Kipokezi kikiwa kitupu, CheA huipachika fosfeti, kikundi kidogo cha atomi chenye fosforasi, protini ndogo iitwayo CheY, nayo huelea hadi kwenye mota na kuifanya igeuze mzunguko. Kule kuteleza kidogo kunaizima CheA. Wakati huohuo protini nyingine, CheZ, inaendelea kuivua CheY fosfeti yake. Basi CheY yenye fosfeti inapungua, mota hazigeuzi, na bakteria anazidi kwenda kule kunakomfaa.

Mambo yangeishia hapo, angeharibikiwa. Akishafika penye aspateti, CheA ingebaki imezimwa, naye angepitiliza bila kubiringika. Kwa hiyo kuna kimeng'enya kinachopachika vipande vidogo vya methili (vikundi vya atomi za kaboni na hidrojeni) kwenye sehemu ya ndani ya kipokezi, na kingine kinachoviondoa. Aspateti ikikaa, methili huongezeka polepole mpaka CheA inaanza tena kazi kama kawaida, ingawa aspateti bado ipo. Methili hizo ndizo kumbukumbu yake ya hali ilivyokuwa punde tu. Kumbukumbu bila ubongo, imewekwa kwenye kipokezi chenyewe! Darasani nikifika hapa nilikuwa naweka chaki chini, kwa sababu nilitaka wanafunzi wanitazame usoni, si ubaoni.

Mwaka 1969 Julius Adler wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, alionyesha kwamba bakteria hawa hufuata hata kemikali wasizoweza kuzitumia kama chakula. Kumbe hawaongozwi na shibe. Wanafuata kile ambacho kipokezi kinakitambua.

Rizobia wako wana vipokezi vya jamii hiyohiyo, ila baadhi yao mota haigeuzi mzunguko, hupunguza kasi tu. Mzizi wa soya hutoa sukari, amino asidi na asidi nyingine, nao huzifuata. Mzizi hutoa pia flavonoidi, kemikali zinazotengenezwa na mmea. Hizo huingia ndani ya bakteria na kutambuliwa na protini iitwayo NodD, inayowasha jeni za kutengeneza ishara ya kujibu. Ishara hiyo ikiufikia mzizi, kinyweleo cha mzizi hujikunja na kumzingira bakteria, na kinundu, uvimbe mdogo wa mzizi watakamokaa bakteria, kinaanza kujengwa.

Lakini wanaogelea kwenye maji tu, kwenye utando mwembamba wa unyevu kati ya chembe za udongo, na hawafiki mbali. Ndiyo maana bwana shamba aliwaambia muwapake kwenye mbegu, mpande udongo ukiwa na unyevu, na mbegu zisianikwe juani.

Soya ikianza kutoa maua, chimba mche mmoja taratibu kwa jembe, usiung'oe kwa mkono, maana vinundu hubaki ardhini. Pasua kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, wanafanya kazi. Kikiwa cheupe au kijani, nipigie simu. Na baba yako anauliza kama umeweka mbolea ya fosfeti, maana bakteria hawa watakuletea naitrojeni, lakini fosfeti hawana pa kuitoa.

Mama yako