Maalim, nizikusanye simu zao?

SWALI

Assalaam alaykum Maalim. Nafundisha uhasibu, ngazi ya stashahada, katika chuo kimoja hapa Chake Chake. Darasa lina wanafunzi wapatao sitini na kipindi chetu ni saa nane hadi saa kumi mchana, wakati ambao hata mimi usingizi huninyemelea. Mwanzo wa muhula nilitangaza kwamba simu ikilia inaingia kikapuni, mezani kwangu, na mwenyewe ataipata Ijumaa. Wiki ya kwanza walitii. Sasa ni mivutano mitupu. Dada mmoja aliyemwacha mtoto mchanga kwa bibi yake alikataa katakata kuitoa. Kijana mwengine simu yake iliadhini Alasiri tukiwa katikati ya mfano wa mizania, darasa zima likanikodolea macho kuona nitafanya nini. Wengine wanasema noti zao zimo humo humo kwenye simu, na nikipita naona kweli wapo wanaosoma, na wapo wanaochati. Mkuu wa idara ameniambia nifanye ninavyoona. Nafikiria kuwakata alama. Je, ni haki? Na kanuni ya haki iweje?

Mkufunzi, Chake Chake

JIBU

Waalaykum salaam, mwalimu mwenzangu.

Alama usizikate. Alama za uhasibu zinasema mtu anajua kufunga hesabu au hajui. Mwajiri atakayekishika cheti cha kijana huyo hana njia ya kujua kwamba alama tano zilikwenda na mlio wa simu.

Na kikapu kirudishe sokoni. Hao ni watu wazima, wengine wana watoto kama ulivyosema mwenyewe, na simu ya siku hizi ndiyo pochi: ndani mna nauli ya gari, ada ya dakhalia, pesa aliyotumiwa na kaka yake aliyeko Unguja. Ukiishika hadi Ijumaa umeshika na vyote hivyo. Kioo kikipasuka juu ya meza yako, nani atalipa? Kwa mshahara upi, mwanangu?

Watatokea wenzako kukwambia kwamba hata Ufaransa wamepiga marufuku. Ni kweli, sheria ya mwaka 2018 ilizizuia simu katika skuli zao, lakini za watoto wa hadi miaka kumi na tano hivi. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 nayo ilieleza kwamba chini ya nchi moja kati ya nne zilikuwa na katazo la simu skuli. Yote hayo ni mambo ya skuli. Chuoni kwako wamekaa watu wanaopiga kura.

Sasa tuje kwenye kiini. Mimi kinachonisumbua ni yule anayekaa nyuma ya mwenye simu kuliko mwenye simu mwenyewe. Watafiti watatu wa Kanada walilijaribu jambo hili mwaka 2013, wakitumia kompyuta mpakato. Wanafunzi waliokuwa wakifanya mambo mengine kwenye kompyuta wakati wa mhadhara walipata alama pungufu kwa asilimia 11 katika jaribio la baadaye. Hilo halishangazi. Lakini katika jaribio lao la pili, wale ambao hawakufanya kosa lolote, ila waliketi mahali ambapo kioo cha mwenzao kilionekana, walipungukiwa kwa asilimia 17. Simu ni ndogo kuliko kompyuta, sikatai, ila mtu akiangalia mpira kwenye kioo kinachomeremeta, safu iliyo nyuma yake nayo inaangalia mpira.

Kwa hiyo kanuni yako imlinde huyo jirani. Wanaosoma noti kwenye simu wasiwanyime wenzao utulivu: waketi safu za mwisho, au kandokando ya ukuta, ambako kioo chao hakimpigi mtu machoni. Utaniambia huko nyuma ndiko kwenye kuchati. Basi tembea. Mwalimu aliyegandana na ubao saa mbili hawezi kulalamika kwamba nyuma kuna mambo. Na usiwalazimishe kutoa kopi. Kuna wanaosoma kwenye simu kwa sababu kompyuta hawana na kurasa mia za kopi ni pesa ya chakula cha wiki.

Kikokotoo ni hadithi nyengine. Hapo mimi ni mkali: watumie kikokotoo chenyewe, kile cha vitufe, kwa kuwa ndicho watakachoingia nacho kwenye mtihani, na kwenye chumba cha mtihani simu haina mjadala. Picha za ubaoni je? Waruhusu dakika moja ukishamaliza mfano, kabla hujafuta. Si wakati unaandika. Mwanafunzi anayechora akaunti ya herufi T kwa mkono wake, debiti kushoto na krediti kulia, hugundua pale pale kwamba pande mbili hazikulingana. Anayepiga picha atagundua usiku wa kuamkia mtihani, na wewe umelala.

Kuhusu ile simu iliyoadhini, hapo una bahati ambayo huijui. Kipindi chako cha saa mbili kinakatwa na Alasiri upende usipende, na bila shaka msikiti uko hapo jirani. Kifanye kipindi kiwe sehemu mbili. Adhana ikisikika dirishani unaweka chaki chini, mapumziko. Anayekwenda kusali anakwenda, anayetaka kujibu ujumbe wake anajibu, aliyekuwa akisinzia ananawa uso. Binadamu akijua saa ya kuitazama simu yake iko karibu, anavumilia. Kijana yule mwambie tu aizime sauti ile programu ya nyakati za sala akiwa darasani, kwani hakuna atakayekosa kuisikia adhana.

Dada mwenye mtoto mchanga: aketi karibu na mlango, simu iwe mfukoni kwenye mtetemo, na ikitetemeka atoke bila kuomba ruhusa. Haki hiyo mpe yeyote atakayekuja mwanzo wa kipindi kukwambia anasubiri simu ya lazima, na usimuulize sababu. Kuna mambo ya mgonjwa au ya nyumbani ambayo mtu hapendi kuyasema mbele ya watu sitini.

Halafu kuna simu yako, ambayo kwenye barua hukuitaja. Nimewaona wahadhiri wengi, wazuri kabisa, wakikatiza somo: "Haloo, ee, niko darasani, hebu nipigie baadaye, hapana, hapana, baadaye." Nusu dakika nzima, kumwambia mtu kwamba hana nafasi ya kuzungumza. Mlio wa mwanafunzi hukatika kwa sekunde tatu akiwa mwepesi wa mkono. Kanuni isiyokuhusu wewe wataitii wiki moja, kama walivyokitii kikapu.

Ningekuwa wewe, kipindi kijacho ningewasomea haya, kisha ningewaacha wabishane dakika kumi na kurekebisha neno linalowakera: "Mwalimu akifundisha, simu zote, pamoja na ya mwalimu, ziko kimya na hazionekani, isipokuwa za wanaosoma noti safu za nyuma na kando. Akisema zitoke, zinatoka kwa kazi aliyoitaja. Simu ikilia, mwenyewe anaizima na somo linaendelea. Anayechezea simu akikumbushwa mara mbili, anatoka hadi baada ya Alasiri." Basi. Adhabu iishie siku ile ile, wiki inayofuata usimkumbushe.

Karatasi hiyo mpelekee mkuu wa idara kabla ya kuisoma darasani. Amekwambia ufanye unavyoona, vizuri, lakini muulize kama kanuni za chuo zinamruhusu mkufunzi kumtoa mwanafunzi nje. Kama haziruhusu, futa mstari huo, na anayechezea umzuie mlangoni baada ya kipindi mzungumze wawili tu. Na umuombe awaonyeshe wakufunzi wengine wa darasa hilo, maana wanafunzi hao hao wakitoka kwako saa kumi huenda wanaingia kwa mtu mwengine mwenye kikapu chake.