Mahari Imepokelewa, Je, Damu Mmepima?

Juzi usiku msomaji ameniandikia: "Dada, mchumba wangu amepima selimundu, ameambiwa ni AS. Mahari imeshapokelewa. Na mimi nipime, au nitavuruga mambo?" Selimundu ni ugonjwa wa damu wa kurithi, na AS ni mtu anayeubeba bila kuugua. Nimeusoma ujumbe huo mara tatu. Mdogo wangu, mimi sikuwa na wa kumuuliza.

Mwanangu wa kwanza alikuwa na miezi minane nilipoamka nikakuta viganja na nyayo zake zimevimba, ngozi imekaza hadi inang'aa. Nilidhani kaumwa na mdudu, nikamkanda kwa maji ya chumvi. Mama mkwe alitamka mbele ya mawifi zangu: "Kwetu ugonjwa huu haupo. Huyu kaja na damu mbaya." Nikanyamaza. Mume wangu naye akanyamaza, na kimya chake kinaniuma mpaka leo kuliko yale maneno.

Mizunguko ya hospitali naiacha. Nikumbuke siku muuguzi alipogeuza daftari la kliniki akachora visanduku vinne, ndiyo bahati nne za kila mtoto wetu. Majibu yetu yalikuwa mezani: mimi AS, mume wangu AS. Kila mmoja wetu anabeba kinasaba kimoja kizima na kimoja chenye hitilafu, ndiyo maana hatukuwahi kuugua. Kisanduku kimoja AA, asiyebeba hitilafu; viwili AS, kama sisi; kimoja SS, mgonjwa wa selimundu. Tena kila mimba inaanza hesabu upya. Mtoto mmoja kuumwa hakuwakingi wadogo zake. Hitilafu yenyewe ni herufi moja tu ya kinasaba, lakini kwa mwenye SS chembe nyekundu ikiishiwa oksijeni hujipinda kama mundu na kuziba mishipa midogo. Ndivyo vilivyovimba vile viganja.

Damu mbaya? Mwaka 1954 Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mwenye AS ana kinga dhidi ya malaria kali. Kwa hiyo kinasaba hicho cha S kimejaa kwetu Kanda ya Ziwa na kule pwani, kwa sababu kiliwavusha mababu zetu. Mababu wa mama mkwe pia.

Basi pimeni. Ninyi mnaochangisha kamati, mnaotafuta ukumbi na kiwanja cha kujenga, pimeni kwanza. Ulizeni kipimo kinachotaja AA, AS au SS. Kipimo cha kundi la damu hakisemi hayo. Ukikutwa AA, hamtazaa mtoto wa SS. Mkiwa AS wote wawili, muoneni mtaalamu, kisha amueni wenyewe, shangazi asiwaamulie. Mkizaa, mtoto apimwe mapema aanze matibabu mapema. Wangu anatumia dawa ya haidroksiurea, yuko kidato cha pili, na chupa ya maji haimtoki mkononi.

Pima, mdogo wangu. Huyo mchumba amekwambia majibu yake kabla ya harusi. Mshukuru, halafu mwende pamoja kuchukua ya kwako.