Si kila kuvu ni kimelea

Msomaji anayelima vanila Bukoba anauliza: "Nimeambiwa mizizi ya vanila yangu ina vimelea vya fangasi. Kiswahili sahihi ni fangasi, kuvu au ukungu?"

Tumalize kwanza lililo jepesi. Kuvu ni jina la kundi zima. Ukungu ni ile kuvu inayotanda juu ya mkate uliolala. Fangasi limetoka Kiingereza, limeshahamia hospitalini na madukani, nami sina nguvu za kulitimua. Litumie ukipenda.

Linalonikera ni hilo vimelea. Siku hizi kila kisichoonekana kwa macho ni kimelea: bakteria kimelea, virusi kimelea, kesho hata hamira ya maandazi itapakaziwa. Asili yake ni kumelea, yaani kuota juu ya kingine, lakini kwa matumizi ya leo kimelea ni mnyonyaji, anayekula kwa mwenyeji wake huku akimdhuru.

Sasa vanila ni mmea wa jamii ya okidi, na okidi bila kuvu ingetoweka porini. Mbegu yake ni kama vumbi, haina akiba ya chakula. Haikui mpaka kuvu iingie ndani na kuilisha. Mfaransa Noël Bernard aliligundua hilo mwaka 1899, katika msitu wa Fontainebleau, kwa okidi iitwayo Neottia nidus-avis. Hiyo ni kiroja: hata ikikomaa haina majani ya kijani ya kujipikia sukari. Nyuzi za kuvu hujisokota vifundo ndani ya seli za mizizi yake, nayo okidi huvimeng'enya. Chakula chenyewe kuvu imekitoa kwenye mizizi ya miti ya jirani. Haya, nionyesheni mnyonyaji ni nani hapo! Kuvu imeingia mgeni, ikageuzwa kitoweo, na bado sisi tunaiita kimelea.

Ila usinishike maneno ukaacha shamba. Kuvu iitwayo Fusarium, inayoozesha mizizi ya vanila, ni kimelea halisi, tena cha kuogopwa: mizizi hugeuka kahawia na kufa, kisha mmea unanyauka. Hiyo iite kimelea kwa sauti. Mzizi mweupe, imara, wenye kuvu ndani, hauna kesi ya kujibu.

Kwa hiyo aliyekwambia "vimelea" muulize: kuvu ipi? Akikuandikia dawa ya ukungu kabla hajajibu, usimpe hata chai.